"Mchoro wa Ishara": Istilahi Inayopotosha

Mfasiri wa vitabu vya uchoraji akutanapo na mchoro wa haraka unaonasa mwili katika kitendo, hushawishika kuuita "mchoro wa ishara". Neno la Kiingereza analolifasiri lina maana zaidi ya moja, naye huishika ile isiyohusika. Ishara kwa Mswahili ni jambo la kuarifu: mtu hupunga mkono au hukonyeza, na mwenziwe akaelewa. Mwalimu Mmarekani Kimon Nicolaides, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1941 baada ya kifo chake, alikusudia jambo jingine kabisa, yaani mwanafunzi achore kile ambacho mwili unakitenda.

Tuipime istilahi hiyo kwa michoro ya mkaa ya Mfaransa Edgar Degas (1834-1917). Wengi wa wachezaji wake wa baleti hawamwashirii mtu yeyote. Huyu anafunga kiatu, yule anarekebisha ukanda wa begani. Hata hivyo twaona uzito umeegemea mguu upi na kiuno kimepinda upande gani. Mwanafunzi aliyeambiwa atafute ishara ataukodolea macho mkono na kuusahau mgongo, na mgongo ndio uliobeba mchezo. (Mcheza ngoma yeyote wa kwetu asingehitaji kuelezwa hayo.)

Liko pia suala la mistari. Mkaa hufutika kwa kidole au kitambaa, lakini aghalabu huacha kivuli cha mstari uliotangulia. Degas, hasa katika michoro ya uzeeni, aliiacha mistari hiyo ionekane. Mkono mmoja ukawa na kingo mbili au tatu, na jicho likipita toka ukingo hadi ukingo huuona mkono ukipanda. Kuiita mistari hiyo "masahihisho" ni kumwelekeza mwanafunzi aifute, na akiifuta mchezaji hugeuka sanamu. "Mistari ya kutafuta" ni istilahi ndefu kidogo, lakini haidanganyi.

Badala ya "mchoro wa ishara" twapendekeza "mchoro wa mwendo". Watakuwapo watakaosema kuwa mwendo ni kutembea, au ni kasi. Pingamizi hilo halina uzito mkubwa, kwani twasema pia mwendo wa saa na mwendo wa nyota, wala hakuna anayedhani kuwa vina miguu. "Mkao" na libaki kwa mwili uliotulizwa mbele ya mchoraji. Walimu wa sanaa wenye neno jingine linalotumika madarasani mwao wanaombwa watuletee, pamoja na mfano wa sentensi.