"Uraiani" ni Wapi? Askari wa Zamani na Utenzi wa Vita

Makala haya mafupi yanahakiki jambo ambalo tenzi zetu za vita huliacha kando, yaani maisha ya askari baada ya kuweka silaha chini. Mfano wetu ni Ngarama, wilayani Isingiro, jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, si mbali na mji wa Mbarara.

Tuchukue tenzi mbili. Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, kuhusu vita vya 1939 hadi 1945. Henry Muhanika alitoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada mwaka 1981. Anwani zenyewe zinaonyesha mipaka: vita vina mwanzo na mwisho, na mwisho ni ushindi. Hatuwalaumu watunzi. Utenzi wa vita umerithi desturi ya kusifu mashujaa na kuhifadhi tukio. Haukuundwa kumfuata shujaa hadi shambani, akitafuta jembe na karo ya watoto.

Hata hivyo, vita vya Kagera vilipita huku huku. Mwishoni mwa Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliiteka Mbarara. Upande wao walipigana pia watu waliokuwa uhamishoni, akiwamo Fred Rwigyema, aliyeletwa Ankole akiwa mtoto mdogo, mkimbizi kutoka Rwanda. Baadaye alipigana katika vita vya msituni vilivyokwisha 1986, akawa naibu waziri wa ulinzi wa Uganda. Mwaka 1989 akaondolewa katika wadhifa huo. Tarehe 1 Oktoba 1990 aliwaongoza wenzake kuvuka mpaka kuingia Rwanda, akauawa siku ya pili.

Hapa ndipo lugha yetu inapojaribiwa. Askari akiacha jeshi, tunasema "amerudi uraiani". Lakini raia ana maana mbili: mtu asiye askari, na mtu mwenye haki ya nchi. Kwa aliyezaliwa Tanga maana hizo hukaa pamoja bila ugomvi. Kwa aliyekulia katika kambi ya wakimbizi zinaachana: anarudi uraiani bila kuwa na uraia.

Neno "mstaafu" nalo lina kasoro. Kuanzia 1992 Uganda ilipunguza askari zaidi ya 36,000, ikaunda bodi ya kuwasaidia. Walipewa usafiri wa kwenda makwao, fedha, mabati na mbegu. Kumwita mstaafu mtu aliyepunguzwa akiwa bado na nguvu za kulima ni kumlipa pensheni ya maneno.

Tena askari hakurudi peke yake. Mke aliyeolewa kambini, mbali na kwao, aliweza kufika kwa wakwe ambao hajui lugha yao. Katika nyumba ya namna hiyo Kiswahili cha kambini ndicho kilichobaki. Lugha ambayo Waganda wengi waliihusisha na bunduki tangu enzi za Amin ikawa lugha ya kubembelezea mtoto. Badiliko hilo halikupata ubeti hata mmoja katika tenzi tulizozitaja.

Nakivale leo ina Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili. Makazi ya wakimbizi ni mahali pa raia, hivyo aliyewahi kushika silaha hutakiwa kwanza aonyeshe kuwa ameziacha. Si ajabu basi akinyamaza kuhusu jana yake. Kimya hicho mhakiki hana budi kukisoma pia.

Pendekezo letu kwa walimu ni hili: mnapofundisha utenzi wa vita, msiishie kwenye vina na mizani. Waulizeni wanafunzi, baada ya ubeti wa mwisho askari huyu analala wapi? Analima ardhi ya nani? Watoto wake ni raia wa wapi? Kisha wapeni kazi ya kuandika majibu hayo kwa nathari. Kiswahili kimemwimba askari vya kutosha akiwa vitani. Sasa kimsimulie akiwa nyumbani.