Chini ya Boneti ya 109

Lami ya kutoka Manyovu kupitia Kasulu na Kibondo hadi Kabingo, kilomita zipatazo 260, ni ya juzi tu. Kabla yake, mvua zikishakolea, udongo mwekundu wa Buha, mkoani Kigoma, ndio uliokuwa ukiamua nani atafika na nani atalala njiani. Aliyepanda Land Rover 109 alikuwa na matumaini. Gari hilo lilibeba wachungaji wa Dayosisi ya Western Tanganyika, yenye makao yake Kasulu. Lilibeba mabwana shamba, manesi wa chanjo, na maofisa wa Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, watu walipohamishiwa vijijini. Baadaye wakimbizi wa Burundi na Kongo wakaingia kwa wingi, kambi zikafunguliwa, Nyarugusu ikiwamo mwaka 1996, na mashirika yakaja na Toyota Land Cruiser nyeupe. Zile 109 zikasogezwa nyuma ya nyumba, majani yakaota hadi dirishani.

Nyingine zipo mpaka leo. Wanunuzi wa chuma chakavu wanazijua zilipo kuliko hata majirani. Wanapita na mizani, wanataja bei ya kilo, na mwenye nyumba aliyechoka kuona kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva anakubali. Bodi ya alumini inayeyushwa na kuwa sufuria, chesisi inakatwa vipande. Kwangu mimi kila inayokatwa ni chuo kinachofungwa, na nitaeleza kwa nini.

Yangu niliinunua kwa familia ya mtumishi mstaafu, ambaye naye aliipata kwenye mnada wa mali chakavu za serikali. Ni Series III, toleo lililoanza kutoka kiwandani Uingereza mwaka 1971, injini ya petroli ya silinda nne. Binti yangu alikuwa kidato cha pili, yuko likizo, nami nikamwita anishikie tochi. Fundi wetu, mzee aliyetumia maisha yake katika gereji za miradi, hakupenda. "Mtoto wa kushika tochi hajifunzi kitu," alisema. "Mpe spana."

Kazi ilianza kwa maji na nyundo. Watu husema Land Rover haishiki kutu, na hiyo ni nusu tu ya ukweli. Ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, wakati alumini ilikuwa inapatikana. Ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa alumini. Chesisi ni chuma kitupu. Tena ni bomba la pembe nne lenye uwazi ndani na matundu pembeni, kwa hiyo matope ya njia ya Makere yanaingia humo, yanakauka, yanalowana tena, na kula chuma kutokea ndani huku nje pakionekana pazima. Rangi mpya haiwezi kukuambia lolote. Sauti inaweza.

Mzee alimpa binti nyundo ndogo na kipande cha chaki. Akamwonyesha mara moja: unagonga, unasogea upana wa vidole viwili, unagonga tena. Chuma kizima kinalia, mlio wake unabaki hewani kidogo. Chuma kilichooza kinajibu kwa kishindo kifupi, kizito, halafu kimya. Binti alilala chini ya gari, ambalo tulikuwa tumelipandisha juu ya magogo (jeki peke yake haimlindi mtu, na hili nalisema kwa kila mzazi atakayejaribu), akagonga kutoka mbele hadi kwenye ile boriti ya nyuma ambayo huoza kabla ya sehemu nyingine zote. Kila palipokosa mlio alichora msalaba. Masikio yake yalisikia tofauti ambazo mimi na mzee hatukuzisikia tena. Mchomeleaji alipokuja na mashine yake hakuhitaji kuuliza akate wapi, chaki ilikuwa imeshasema.

Halafu msasa. Mlango wa kushoto ulikuwa na rangi nyeupe, chini yake buluu, chini ya buluu kijani kibichi cha zamani. Katikati ya buluu na kijani yakajitokeza mabaki ya herufi za idara fulani, nusu zimefutika. Binti akaacha kusugua. Alitaka kujua gari lilitumwa wapi, nani aliliendesha, lilibeba nini. Jioni alikwenda kumuuliza mjane wa yule mstaafu, akarudi na habari za safari za Kakonko na Muhange ambazo sijawahi kuzikuta kwenye kitabu chochote. Mengi ya wilaya hizi hayakuandikwa. Mengine yamo kwenye rangi za magari na vichwani mwa wazee, na mtoto anayepiga msasa ana sababu ya kuwauliza.

Lakini sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kurekebisha tapeti.

Injini hii ina valvu nane, zinahesabiwa kutoka mbele. Kati ya mkono unaosukuma valvu na ncha ya shina la valvu panatakiwa uwazi wa robo ya milimita. Uwazi ukizidi, injini inagonga kama cherehani. Ukipungua, chuma kikipata moto kinatanuka, valvu haifungi sawasawa na mwishowe inaungua. Mpangilio wa kupima ni mzuri kiasi kwamba mwalimu yeyote wa hesabu angeufurahia: unazungusha injini kwa hendeli mpaka valvu ya 8 ifunguke kabisa, hapo unapima ya 1. Ikifunguka ya 6, unapima ya 3. Ikifunguka ya 4, unapima ya 5. Namba mbili zikijumlishwa lazima zitoe 9. Binti alisikia mara moja tu, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa akiniambia zamu ni ya ipi.

Mimi nilizungusha hendeli, plagi zikiwa zimetolewa ili injini iwe nyepesi. Yeye aliinama juu ya injini, filageji (geji nyembamba ya kupimia uwazi) mkono mmoja, bisibisi mwingine. Ile geji ikipita bila kugusa, uwazi ni mkubwa. Ikigoma, ni mdogo. Inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo, na huko kukwaruza hakuandikiki, kunafundishwa kidole kwa kidole. Ukishapata, unakaza nati, na nati ikikazwa inavuta skrubu, kwa hiyo unapima upya. Asiyependa kupima upya atafute kazi nyingine.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mimi nasema imetosha, yeye anasema, "Baba, bado." Kwetu Buha mtoto hambishii mzazi, na malezi hayo nayaheshimu, nimelelewa nayo. Ila chini ya boneti kuna msuluhishi mwingine. Tuliweka geji tena, mzee akaja kuisukuma kwa kidole chake, na chuma kikatoa hukumu. Valvu moja ilimpa yeye haki, nyingine ilinipa mimi. Hakuna aliyenung'unika, kwa kuwa robo ya milimita haijui nani kamzaa nani. Sijaona mahali pengine ambapo binti wa umri huo anaweza kumwambia baba yake "bado" bila kukosa adabu, na baba akasikia bila kushuka hadhi.

Nimeulizwa kwa nini nipoteze fedha kwa gari la zamani linalokunywa mafuta. Gari la leo ukifungua boneti unaona plastiki, na fundi anaanza kwa kuchomeka kompyuta. Sina ugomvi nalo. Kwenye 109 kila kitu kinaonekana kinavyofanya kazi: pointi zinafunguka na kufunga, cheche inatoka, kabureta inavuta, waya wa klachi haupo kwa kuwa ni mafuta yanayosukuma, na mtoto anaweza kufuata jambo kwa kidole toka chanzo hadi mwisho. Fizikia ya darasani inapata mwili. Na walioniambia gereji si mahali pa mtoto wa kike wakaangalie ile chaki.

Spea si shida kama watu wanavyodhani. Nyingi tuliagiza Gerezani, Dar es Salaam, zikaja kwa basi. Nyingine zilitoka kwenye 109 iliyokwisha kufa kabisa. Arusha nako wapo wenye ujuzi: Oktoba 2024 Land Rover za kila toleo zilikusanyika huko kwa mamia katika tamasha, zikiwania rekodi ya dunia ya msafara mrefu iliyokuwa ya Ujerumani. Mimi kilichonigusa ni kujua kwamba nyuma ya kila gari lililofika pale kuna mtu anayejua kulifungua na kulifunga.

Letu linatembea. Linavuja oili kidogo kwenye difu ya nyuma, na gasketi yake imeshaagizwa. Binti hawezi kuliendesha barabarani mpaka afikishe miaka 18 na kupata leseni, lakini hakuna nati ya injini ile ambayo haijapita mkononi mwake.

Mafundi waliozeeka na injini hii Kasulu na Kibondo ni wachache na hawaongezeki. Kama una 109 nyuma ya nyumba, mwambie mwenye mizani arudi mwakani. Mtafute fundi mmoja angali na nguvu, mlipe haki yake, na likizo ya Desemba mpeleke mwanao, wa kiume au wa kike, akiwa na ovaroli. Nenda naye, ufungue boneti ukiwa upande mmoja na yeye upande wa pili.