Anza na Mkia wa Paka

Ukipewa picha ya miaka ya 1860, mwanamke ameketi na paka mapajani, uso wa mwanamke usikushughulishe kwanza. Tazama mkia wa paka. Mwanamke aliambiwa atulie, akatulia. Mara nyingi nyuma ya kisogo kulikuwa na chuma cha kushikilia kichwa, na ukichungulia sakafuni karibu na kiti unaweza kuona mguu wa chuma hicho. Ule ukali wa uso tunaoudhania kuwa tabia ya watu wa kale, huenda kwa sehemu ni kazi ya chuma hicho. Paka hakufungwa chuma.

Louis Daguerre alipotangaza mbinu yake huko Ufaransa mwaka 1839, ya bamba la shaba lililopakwa fedha, lenzi ilibidi iachwe wazi kwa dakika kadhaa. Muda ulishuka upesi hadi sekunde, lakini hata sekunde 10 ni nyingi mno kwa paka aliye macho. Kwa hiyo mkia ukiwa kama moshi, huku kifua na miguu ya mbele vikionekana wazi, jua kwamba lenzi ilikaa wazi kitambo na paka alibanwa. Thibitisha kwenye mikono ya anayempakata: vidole vilivyozama katika manyoya ya shingo si vya kubembeleza. Paka akiwa ametulia mwili mzima, basi ama amesinzia, ama picha ni ya baadaye, ama (hutokea) ni paka mfu aliyekaushwa.

Rangi ndiyo huwakosesha wengi. Mbinu ya kioo kilichopakwa kolodioni, aliyoitoa Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851, iliona vizuri rangi ya buluu na karibu haikuona kabisa nyekundu wala chungwa. Gauni la buluu hutoka jeupe. Paka wa rangi ya chungwa hutoka mweusi au karibu na mweusi, na ukoo mzima unaweza kurithi hadithi ya “paka mweusi wa bibi” ambaye hakuwahi kuwepo. Tafuta milia: ikionekana kwa mbali ndani ya giza la manyoya, huenda huyo alikuwa wa chungwa. Macho ya buluu nayo hupauka hadi yakafanana na ya kipofu.

Kisha kuna kulia na kushoto. Mabamba ya Daguerre, sawa na picha za bati zilizofuata, kwa kawaida hugeuza pande. Doa lililo juu ya jicho la kulia la paka lilikuwa juu ya la kushoto, kwa hiyo usiseme ni paka wawili kabla hujageuza picha moja.

Chukua pia kikuzio uangalie masharubu. Yakiwa makali kuliko manyoya yanayoyazunguka, huenda mtu wa studio aliyachora kwa brashi.

Swali la kama paka alikuwa wa nyumbani au wa studio halijibiwi kirahisi. Harry Pointer wa Brighton, Uingereza, katika miaka ya 1870 alipiga picha zipatazo 200 za paka waliopangwa kwa mbwembwe, nyingine zikiwa na maneno ya salamu, akaziuza kama kadi. Hizo ni bidhaa. Mambo yalibadilika kamera ilipomfuata paka kwake: Kodak ya George Eastman ilitoka 1888, na Brownie ya 1900 iliuzwa dola 1. Sasa paka yuko kizingitini, jua likiwa nyuma ya mpigapicha, na kivuli cha mpigapicha kimelala nyasini, viwiko vimetokeza kwa sababu kamera imeshikwa tumboni. Picha ya namna hiyo ikiwa na mwaka 1870 nyuma yake, itilie shaka. Na kama mwaka huo umeandikwa kwa kalamu ya biro, aliyeuandika alikuja baadaye sana: kalamu hizo ziliingia madukani Marekani mwaka 1945.