Mwalimu wa Nyota na Wanafunzi Asiowajua

Msomaji, walimu wako wa namna mbili. Wa kwanza ni yule asimamaye mbele ya darasa, ajuaye majina ya wanafunzi wake na udhaifu wa kila mmoja. Wa pili ni yule ambaye darasa lake halina kuta wala daftari la mahudhurio. Huyu hufundisha kwa kitabu au kwa picha, na wengi katika wanafunzi wake hawaoni kamwe. Carl Sagan, mtaalamu wa elimu ya nyota wa Marekani, alikuwa mwalimu wa namna zote mbili. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell tangu mwaka 1968 hata alipofariki mwaka 1996. Walakini watu wamtajao leo kuwa mwalimu wao, walio wengi hawakupata kukanyaga chuo hicho. Je, sifa yake ni ya haki, au ni mazoea tu ya watu kusifu kilichosifiwa? Kazi ya mhakiki ni kupima, na katika kurasa hizi tutampima.

Sagan alizaliwa Brooklyn, katika mji wa New York, mwaka 1934. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa mtoto alikwenda maktaba kuomba kitabu cha nyota, akapewa kitabu chenye picha za waigizaji wa sinema, maana kwa Kiingereza nao huitwa nyota. Akaomba tena, akapata alichokitaka, na humo akasoma kwamba kila nyota ni jua lililo mbali sana. Kisa hiki chatuhusu na sisi. Katika Kiswahili nyota ni bahati pia, na mnajimu ni jina la mtu apimaye mwendo wa sayari na la mtu atabiriye harusi na safari. Mtoto wa kwetu aulizaye habari za nyota aweza naye kupewa kitabu kisicho chake. Kazi kubwa ya Sagan ilikuwa kuwatenga wanajimu hao wawili.

Kwanza tujue kwamba hakuwa msimuliaji tu wa kazi za wenzake. Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba chini ya mawingu ya Zuhura mna bahari au mabwawa yenye uhai. Mnamo mwaka 1960 Sagan alitoa hoja kwamba hewa nzito ya sayari ile hulizuia joto lisitoke, kwa hiyo nchi ya chini yake lazima iwe kama tanuri. Chombo cha Mariner 2 kilipita karibu na Zuhura mwaka 1962 na vipimo vyake vikaipa nguvu hoja hiyo. Leo twajua kwamba joto la huko ni kadiri ya digrii 460 za selsiasi, joto liwezalo kuyeyusha risasi. Aliyeandika habari za anga kwa watu wote, basi, alikuwa ameishika kazi kwa mikono yake mwenyewe.

Kazi iliyomjulisha kwa ulimwengu ni Cosmos, mfululizo wa televisheni wa sehemu 13 uliotolewa mwaka 1980 pamoja na kitabu cha jina hilo. Msomaji atazamie kwamba mtu azungumzaye habari za ulimwengu mzima ataanza na hesabu za kutisha. Sagan huzitaja, lakini nguvu yake haimo humo. Nguvu yake imo katika fimbo mbili zilizosimikwa ardhini. Husimulia habari za Eratosthenes, mtaalamu aliyeishi Aleksandria, Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Mtu huyo alisikia kwamba huko Syene, kusini, siku moja katika mwaka fimbo haina kivuli wakati wa adhuhuri. Alipotazama Aleksandria siku iyo hiyo, aliona kivuli. Kama dunia ingekuwa bapa, na miali ya jua huja sambamba, fimbo zote mbili zingekuwa sawa. Tofauti ya pembe ilikuwa kadiri ya digrii 7, yaani kama sehemu moja katika 50 za duara. Umbali wa miji hiyo ni karibu kilometa 800. Zidisha kwa 50, utapata kilometa 40,000, nao ndio mzingo wa dunia.

Angalia ufundi wa mwalimu. Jambo kubwa amelitundika juu ya kitu kidogo ambacho kila mtu aweza kukishika. Wewe uliye Nanyuki, penye mstari wa ikweta, waweza kusimika fimbo karibu na tarehe 21 Machi au 23 Septemba, ukaona kivuli kinavyokwisha baada ya saa sita na robo mchana. Hutahitaji kumwamini Sagan wala Eratosthenes, jua lenyewe litatoa ushahidi. Namna hiyo ya kufundisha ndiyo nguzo ya kwanza ya athari yake.

Nguzo ya pili ni mifano yake. Ili tuuone umri wa ulimwengu, aliukunja wote katika mwaka mmoja, kutoka tarehe 1 Januari hata usiku wa 31 Desemba. Katika kalenda hiyo binadamu hatokei ila jioni ya siku ya mwisho, na historia yote iliyoandikwa haipiti sekunde chache kabla ya usiku wa manane. Mfano huu haukutiwa kwa urembo. Ukiuondoa, wabaki na tarakimu ambazo akili haiwezi kuzibeba. Ukiuacha, wafahamu papo hapo udogo wa muda wetu. Mfano mzuri hufanya kazi, haupambi tu.

Sasa tugeukie kasoro, maana mhakiki asifuye tu hana tofauti na mpiga zumari wa harusi. Sagan alipenda visa vyenye wema upande mmoja na ubaya upande wa pili. Katika Cosmos asimulia kifo cha Hypatia, mwanamke msomi wa Aleksandria aliyeuawa na umati wa watu mwaka 415, akakiunganisha na kuangamia kwa maktaba kuu ya mji huo. Mauaji yalikuwa ya kweli na ya kikatili. Lakini wanahistoria wengi hawaukubali muungano huo, kwa kuwa maktaba ilidhoofika kidogo kidogo kwa karne nyingi, na kwa sababu zaidi ya moja. Hapa msimuliaji alimshinda mtafiti. Yeye aliyetufundisha kudai ushahidi hakuudai vya kutosha kwa kisa kilichompendeza. Kasoro hii si ndogo, kwa sababu wasomaji wengi wamekipokea kisa hicho kama kilivyo na kukirithisha kwa wengine.

Tena, mwaka 1991 visima vya mafuta vilipochomwa Kuwait, alionya kwamba moshi huenda ukapanda juu sana na kuharibu majira katika nchi za Asia. Haikuwa hivyo. Lakini katika The Demon-Haunted World, kitabu chake cha mwaka 1995, aliyataja makosa yake mwenyewe, hilo la Kuwait likiwamo, ili kuonyesha kwamba sayansi huendelea kwa kusahihishwa. Ni waandishi wachache wafunguao daftari lao la makosa mbele ya wasomaji.

Lipo jambo jingine litugusalo zaidi. Mwaka 1977 vyombo viwili vya Voyager vilipelekwa angani, kila kimoja kikichukua sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye sauti na picha za dunia. Sagan aliongoza kamati iliyoitayarisha. Humo mna salamu kwa lugha 55. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kisotho kimo. Mna pia wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, Kongo. Kiswahili hakimo. Yafaa tuseme nini? Kumshutumu mtu kwa chuki si haki, lakini ni haki kusema kwamba hata asemaye kwa niaba ya wanadamu wote husema kutoka mahali fulani, na kwa masikio yake yasiyofika kila mahali. Wala anga haikuwa ngeni kwa lugha yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyowekwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, nayo ilipewa jina la Uhuru kwa heshima ya Kenya. Hata kabla ya hapo, wakulima na mabaharia wa pwani walikitazama Kilimia wapate kujua majira. Pengo lililo katika sahani ile halitajazwa kwa manung'uniko. Litajazwa na wale watakaoandika sayansi kwa Kiswahili safi hata mtoto asione haja ya kuiazima.

Athari ya Sagan juu ya watu yaonekana katika habari ya Neil deGrasse Tyson, kijana wa Bronx. Mwaka 1975, akiwa na miaka 17, alialikwa na Sagan kwenda Cornell, akatembezwa na mtaalamu huyo mwenyewe na kupewa kitabu chenye maandishi ya mkono wake. Kijana hakujiunga na chuo hicho, lakini alipata kuwa mtaalamu wa nyota, na mwaka 2014 ndiye aliyeongoza Cosmos mpya katika televisheni. Fikiri: mwalimu mwenye shughuli nyingi alitoa siku moja kwa mtoto wa watu asiyemjua.

Walakini athari yoyote ina hatari yake. Wako wapenzi wa Sagan walioipenda sauti yake wakaiacha njia yake. Hukariri maneno yake kuhusu ile picha ya dunia iliyopigwa na Voyager 1 tarehe 14 Februari 1990, kutoka mbali kadiri ya kilometa bilioni 6, ambamo dunia yetu ni nukta tu. Wakiisha kukariri, huamini uvumi wowote uwafikiao kesho yake. Mtu wa namna hiyo amebadili mnajimu mmoja kwa mwingine. Katika kitabu cha 1995 Sagan atoa mfano wa mtu adaiye kwamba ana joka katika banda la motokaa. Ukitaka kuliona, asema halionekani. Ukitaka kumwaga unga upate nyayo, asema laelea hewani. Ukitaka kupima moto wake, asema hauna joto. Basi joka lisiloweza kupimwa kwa njia yoyote lina tofauti gani na joka lisilokuwapo? Swali hilo lafaa kuulizwa mbele ya dawa iponyayo kila ugonjwa, mbele ya utabiri wa gazeti, na mbele ya ahadi ya fedha ya haraka. Lafaa pia kuulizwa mbele ya maneno ya Sagan mwenyewe.

Hukumu yangu ni hii. Sehemu ya yale aliyoyaandika imekwisha kuzeeka, maana vyombo vipya vimeona ambayo yeye hakuyaona. Historia yake isomwe kwa tahadhari. Lakini mambo mawili aliyoyafunga pamoja, mshangao na shaka, hayajazeeka. Mshangao bila shaka huzaa mtu wa kudanganywa kila siku. Shaka bila mshangao huzaa mtu mkavu asiyetafuta lolote. Msomaji, soma Cosmos, tena soma ukiwa na kalamu mkononi: utie alama pale uliposadiki kwa kuwa umeonyeshwa, na alama nyingine pale uliposadiki kwa kuwa umependezwa. Alama hizo mbili zikikudhihirikia, utakuwa mwanafunzi wake wa kweli.