Kibali Ambacho Hakikuwepo

Ukiuliza Michael Kohlhaas inahusu nini, wengi watakuambia ni hadithi ya mtu aliyependa haki hadi akawa jambazi. Sawa, haikosi ukweli. Lakini mimi naisoma novela hii ya Heinrich von Kleist, iliyotoka kamili mwaka wa 1810, kama hadithi ya ushuru. Ukiisoma hivyo ndipo unapoona kwa nini bado inauma.

Mambo yanaanza kwa kitu kidogo sana. Kohlhaas ni mfanyabiashara wa farasi kutoka Brandenburg, karne ya 16. Anaingia Saxony kwa njia aliyoipita mara nyingi, na safari hii anakuta fito imewekwa barabarani, kando ya ngome. Kabaila mzee amekufa. Mrithi wake, Wenzel von Tronka, amepewa na mtawala haki ya kutoza ushuru pale. Kohlhaas ananung'unika, analipa. Hata fito hajaimaliza kuivuka, sauti nyingine inamwita. Ni mnyapara wa ngome: kibali kiko wapi?

Kibali gani tena? Hajawahi kukisikia. Anaacha farasi wawili weusi kama rehani, pamoja na mfanyakazi wake Herse awatunze. Akifika Dresden, maofisa wanamthibitishia kwamba kibali kama hicho hakipo. Anaporudi, farasi wamelimishwa shambani hadi wamebaki mifupa, na Herse amepigwa na kufukuzwa.

Hebu tulia hapo kidogo. Ushuru ulikuwa halali. Kibali kilikuwa cha uongo. Lakini vyote viwili vilidaiwa kwenye fito ile ile, kwa jina la serikali ile ile. Msafiri atatofautisha vipi? Kwake yeye, serikali ni yule aliyeshika fito.

Kleist hakuyatoa haya hewani. Kwanza, kulikuwa na mtu halisi, Hans Kohlhase, aliyenyang'anywa farasi mwaka wa 1532 na kuuawa Berlin mwaka wa 1540. Pili, na hili ndilo linalonivutia zaidi, Kleist mwenyewe alikaa upande wa pili wa meza. Mwaka wa 1805 na 1806 alikuwa Königsberg akijifunza kazi katika ofisi ya fedha ya mkoa, ile Waprusi waliyoiita Chemba ya Vita na Mashamba ya Mfalme. Jina lenyewe linasema yote: pesa zinatoka shambani, zinaishia vitani.

Mfumo huo aliuunganisha Friedrich Wilhelm I mwaka wa 1723, akaweka mkoa baada ya mkoa chini ya kurugenzi moja Berlin. Mjini, bidhaa zilitozwa langoni, na mkaguzi wa kodi akaiangalia miji kadhaa. Kijijini, mkulima alilipa kodi ya ardhi, na msimamizi alikuwa Landrat, mkuu wa wilaya. Sasa huyu Landrat alikuwa nani? Kwa kawaida, kabaila mwenye mashamba katika wilaya hiyo hiyo. Yaani mtu wa mfalme na jirani yako tajiri ni mtu mmoja. Ukitaka kumshtaki jirani, unapeleka barua kwa nani?

Usidhani kuleta wageni kungetibu. Mwaka wa 1766 Friedrich II aliwaita wataalamu kutoka Ufaransa waendeshe ushuru wa bidhaa. Mwaka wa 1781 serikali ikahodhi ukaangaji wa kahawa, na wanajeshi wastaafu wakatumwa mitaani kunusa nani anakaanga kwa siri. Ndiyo, kunusa. Watu waliwachukia, na mfalme alipokufa mwaka wa 1786 mpango huo haukudumu. Jirani alikuwa na ndugu wa kumlinda, mgeni hakuwa na aibu.

Kleist analijua hilo la ndugu vizuri. Kohlhaas anashtaki Dresden, na kesi inatupwa kwa sababu jamaa wawili wa Wenzel wako karibu na kiti cha mtawala. Na haya yote anayaandika kwa sentensi ndefu zilizopangwa kishazi juu ya kishazi, kama karani anayeandaa ripoti. Hapigi kelele. Anahesabu tu, na wewe msomaji ndiye unayeanza kukasirika.

Ninapogombana naye ni karibu na mwisho. Anamleta mwanamke mtabiri na kikaratasi cha siri kuhusu ukoo wa mtawala wa Saxony, na ghafla hadithi inahama kutoka barabarani hadi kwenye hofu ya mkubwa mmoja. Kisasi kinakuwa kitamu, lakini fito inasahaulika. Mtawala mwenye wasiwasi si jibu la swali la nani alimruhusu mnyapara.

Hata hivyo, ukurasa wa mwisho unarudi kwenye hesabu, na hapo Kleist hana mpinzani. Kohlhaas anasimama Berlin mbele ya mnyongaji, akirudishiwa kila kitu: farasi wakiwa wamenona, kitambaa cha shingo cha Herse, sarafu zake, nguo zake, hata gharama za matibabu yake, ingawa Herse mwenyewe ameshakufa vitani. Wenzel anapewa miaka miwili jela. Kohlhaas anaridhika, kisha anakatwa kichwa kwa kuvunja amani ya dola. Deni limelipwa pande zote mbili, ati.

Wasomaji wengi huona hapo Saxony mbovu na Brandenburg yenye haki. Mimi siwezi. Kabla ya moto wote, mke wake Lisbeth alipeleka ombi Berlin, kwa mtawala huyo huyo wa Brandenburg. Mlinzi akampiga kifuani kwa mpini wa mkuki, na akafa kwa jeraha hilo. Soma tena ile orodha ya vilivyorudishwa. Kitambaa kimo. Nguo zimo. Lisbeth hayumo, wala mlinzi hakuitwa kujibu. Aliuawa kwenye lango la serikali iliyokuja kusifiwa kwa kutenda haki, na kwenye daftari lake hakuna safu ya kumwandika.