Bei ya Mchezo wa Maandishi na Deni la Lugha

Miongoni mwa watungaji wa michezo ya maandishi kuna ubishi wa siku nyingi, nao ni huu: je, mtu aliyetunga mchezo kwa zana alizopewa bure ana haki ya kuutoza fedha? Mchezo wa maandishi ni hadithi inayoendeshwa na msomaji wake. Kompyuta humweleza mahali alipo na vitu vilivyomzunguka. Yeye huandika amri fupi, au huchagua njia moja kati ya zilizowekwa mbele yake, na hadithi hufuata uamuzi wake. Kwa kawaida hakuna picha zinazotembea wala sauti. Kuna maneno tu. Kwa sababu hiyo ubishi huu, ingawa ulizaliwa Marekani na Uingereza, unawahusu sana wanazuoni wa lugha, na wenye Kiswahili wana jambo la kuuongezea ambalo wenye Kiingereza hawakulazimika kulifikiri.

Yafaa kwanza historia yake ielezwe kwa ufupi. Mchezo wa kwanza uliojulikana sana, Adventure, uliandikwa na William Crowther katikati ya miaka ya 1970, ukapanuliwa na Don Woods mwaka 1977, nao ulienea bila malipo kutoka chuo hadi chuo. Kampuni ya Infocom, iliyoanzishwa Massachusetts mwaka 1979, ni miongoni mwa zilizoonyesha kwamba michezo ya namna hiyo yaweza kuuzwa madukani na kumpatia mtungaji riziki; lakini kampuni hiyo ilinunuliwa na Activision mwaka 1986, na mwaka 1989 ikafungwa. Biashara ilipokufa, sanaa haikufa. Michael Roberts alikwisha kutengeneza zana iitwayo TADS, ambayo mwanzoni ilikuwa ya kulipiwa na baadaye ikawa ya bure. Graham Nelson wa Oxford alitoa zana yake, Inform, mwaka 1993 bila kudai senti. Chris Klimas alitoa Twine mwaka 2009. Tangu hapo mtu yeyote mwenye subira na kompyuta aliweza kutunga mchezo usiopungukiwa na ile ya Infocom.

Kutokana na ukarimu huo ilizuka desturi, na kutokana na desturi ikazuka hukumu: aliyepokea bure na atoe bure. Hukumu hii ina uzuri wa kimaadili, lakini haina nguvu ya hoja. Mfinyanzi huchimba udongo wa bondeni pasipo kulipa, wala hakuna amwambiaye kwamba chungu chake kitolewe bure. Shaaban Robert hakukinunua Kiswahili, na vitabu vyake viliuzwa kwa haki. Kitu anachokilipia mnunuzi ni kazi iliyotiwa katika chombo, na busara ya aliyekiunda. Asili ya udongo haimo katika bei. Ikiwa mtoa zana mwenyewe hakuweka sharti, mwingine hana mamlaka ya kuliweka kwa niaba yake. Na pale alipoliweka, halina budi kutiiwa: kampuni ya Choice of Games, kwa mfano, huruhusu zana yake ya ChoiceScript itumike bure kwa michezo isiyouzwa, bali mwenye kutaka kuuza ni lazima apate idhini. Hilo ni suala la kusoma leseni, si suala la dhamiri.

Basi hoja ya haki ikiwekwa kando, hubaki hoja ya thamani, na hapa mhakiki ana kazi. Mwaka 1998 kampuni ya Cascade Mountain Publishing, iliyoanzishwa na Mike Berlyn aliyekuwa mtungaji wa Infocom, iliuza mchezo wa Kevin Wilson uitwao Once and Future, uliotungwa kwa TADS. Ni hadithi ya askari wa Marekani afaye vitani Vietnam na kujikuta katika nchi ya Mfalme Arthur. Mchezo ulikuwa mrefu na ulisubiriwa kwa miaka. Hata hivyo ulitoka sokoni wakati wasomaji walikuwa tayari na michezo ya bure iliyoulingana au kuushinda, kama Curses wa Nelson. Kampuni ilifungwa mwaka 2000. Mwaka 2002 Peter Nepstad aliuza mchezo wake 1893: A World's Fair Mystery, uliotungwa pia kwa TADS, kuhusu maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka huo wa 1893. Huu ulitegemea utafiti wa historia na picha za kale, na kwa hiyo uliweza kumvutia hata msomaji asiyejali michezo kabisa, ili mradi anaipenda historia ya mji ule. Mwaka 2010 Andrew Plotkin aliwaomba wasomaji wamlipe mapema ili atunge Hadean Lands kwa Inform. Aliomba dola 8,000, akapewa zaidi ya dola 31,000, na mchezo ukatoka mwaka 2014. Waliolipa hawakuwa wameuona mchezo. Walikuwa wamecheza ile aliyoitoa bure kabla yake.

Michezo hii mitatu ilitungwa kwa zana zile zile walizokuwa nazo maelfu ya watu wengine. Tofauti haikutoka kwenye zana. Wa kwanza uliuza urefu, wa pili uliuza maarifa, wa tatu uliuza uaminifu uliojengwa kwa ukarimu wa zamani. Urefu peke yake haukutosha.

Wenye Kiswahili hawapaswi kuliona jambo hili kuwa geni, maana mchezo wa maneno wenye malipo wanao tangu kale. Mtegaji husema "Kitendawili!", huitikiwa "Tega!", na wasikilizaji wakishindwa kutegua, huwadai mji. Hutajiwa mji, naye akiisha kuukubali hutoa jibu. Desturi ya kutega na kuitikia haikomei pwani: ng'ambo ya mpaka wa Kibondo, Mrundi husema "Sokwe!" na kuitikiwa "Niruze!" Katika kawaida hii ya mji kuna mambo mawili yanayostahili kuangaliwa. La kwanza, malipo huja baada ya mchezo kuchezwa. Mtu hulipa akiisha kujaribu na kushindwa, wala haombwi mji kabla ya kutegewa. La pili, hakuna aliyewahi kumwambia mtegaji kwamba hastahili mji kwa kuwa maneno ya kitendawili si mali yake. Mji ni wa yule aliyekitega vizuri usiku ule. Hata watungaji wa TADS wa miaka ya mwanzo wa 1990 walikuwa na mtindo ulio karibu na huu: mchezo hugawiwa bure, na aliyeridhika nao hutuma fedha.

Lakini mfano wa kitendawili una mpaka wake. Mtegaji na mteguaji wana lugha moja, ilhali zana za bure zilizokwisha kutajwa, hasa Inform na TADS, zilifundishwa Kiingereza. Mtu akiandika kwa Kiingereza achukue taa, kisha aiwashe, neno moja dogo la Kiingereza humtosha kwa taa, kwa kisu, kwa ufunguo na kwa mkate. Zana hulazimika kukisia ni kitu gani kilichokusudiwa, na kwa kawaida hushika kile kilichotajwa mwisho. Kiswahili hakina ufukara huo. "Kichukue" ni kisu wala si taa. "Ichukue" ni taa wala si kisu. "Yachukue" ni maembe. Kiambishi cha mtendwa kinabeba ngeli, na ngeli inakata shaka. Ajabu ni kwamba zana iliyotengenezwa kwa Kiingereza haina mahali pa kuipokea hazina hiyo, na mtungaji asipoijengea mwenyewe humlazimisha msomaji wake aandike "chukua" peke yake siku zote, kama mgeni aliyejifunza Kiswahili juzi.

Kazi ya kuijengea si ndogo. Ni lazima zana ijue kwamba kiishio cha "chukua" hugeuka kuwa -e kinapotanguliwa na kiambishi cha mtendwa. Kwamba "njoo", "nenda" na "lete" hazifuati kawaida. Kwamba "uchukue" yaweza kuwa amri ya kuchukua mkate au ufunguo, na pia yaweza kuwa agizo la upole kwa mtu mmoja. Kwamba kiboko, ijapokuwa jina lake lina ki-, ni mnyama, hivyo msomaji ataandika "mfukuze" wala hataandika "kifukuze". Kwamba mlangoni pana maana tatu za mahali, na viambishi vitatu vya kuziainisha. Mwenye kuimaliza kazi hii atakuwa ameandika sarufi fupi ya Kiswahili inayoweza kujaribiwa kila siku na kila msomaji. Atakuwa pia amefanya kitu chenye thamani ya fedha, na hapo ndipo ubishi wa bei unapopata uzito ambao haukuwa nao kwa Kiingereza.

Kwani mchezo wa Kiswahili wa namna hii una sehemu mbili: hadithi, na sarufi iliyoifundisha zana kuielewa. Hadithi ni ya mtungaji. Aitoze bei apendayo, na mhakiki aipime kama apimavyo riwaya. Sarufi si hivyo. Mtu wa kwanza akiifunga ndani ya mchezo wake wa kuuzwa, wa pili hana budi kuianza upya, na wa tatu vivyo hivyo, na kila mmoja atakosea mahali pake. Wahispania, Wafaransa, Wajerumani na Waitalia walilitambua hili mapema: wajuzi wa lugha zao walizifundisha Inform kwa kazi ya kujitolea, wakazitoa kanuni hizo bure kwa watungaji wote. Nelson na wenzake nao walifungua maandishi yote ya Inform mwaka 2022, ili yeyote ayasome na kuyarekebisha. Ukarimu wa namna hii ndio unaodaiwa, wala haudaiwi kwa ajili ya zana, bali kwa ajili ya lugha. Hadithi iuzwe, sarufi irudishwe.

Deni hilo linaonekana wazi zaidi mtu akitoka mijini na kwenda Busunzu, katika nyanda za juu za Kigoma, kati ya Kibondo na Kasulu. Huko lugha ya nyumbani ni Kiha, na Kiswahili ni lugha ya shule na soko. Twine hufanya kazi katika kivinjari cha kawaida, na mchezo wake ni faili moja tu, ambalo likiisha kunakiliwa hufunguka katika simu pasipo mtandao. Malipo madogo hupita kwa simu hiyo hiyo, kwa kuwa huduma za fedha za simu zipo Tanzania tangu mwaka 2008. Kwa hiyo mtu wa Busunzu anaweza kuwa mtungaji na mwuzaji bila kutoka kwake, na faili lake litanakiliwa kwa siri pia, maana hakuna kufuli la kulizuia. Akitumia Twine, ambamo msomaji huchagua tu, hahitaji sarufi ya mtu. Akitaka msomaji aandike amri kwa Kiha, anasimama peke yake: majina yana irabu ya mwanzo, kama "umuntu", na Kirundi, nduguye Kiha wa karibu, huruhusu viambishi vya mtendwa zaidi ya kimoja katika kitenzi. Kama sarufi ya Kiswahili ingekuwa wazi, angekuwa na ngazi ya kupandia, kwa sababu ngeli na upatanisho wa lugha hizi ni wa ukoo mmoja. Ikiwa imefungwa, hana hata pa kushika.

Tena, kama mtungaji huyo atatumia vitendawili vya Buha, kuna deni la pili. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London kitabu cha hadithi alizozikusanya Unguja, na kitabu kiliuzwa; siku hizo hakuna aliyeuliza sehemu ya waliosimulia. Leo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazitaja ngano na vitendawili miongoni mwa sanaa za jadi zinazolindwa, na inataka kibali pale zinapotumiwa kwa faida nje ya mazingira yake ya asili. Tofauti hiyo ni ya hekima: kutegeana vitendawili jioni Busunzu hakuna leseni, bali kuviweka katika faili na kulipisha ni jambo jingine. Anayeogopa kuuza kwa sababu zana ni za bure amemwogopa asiyemdai, na huenda amemsahau anayemdai.

Wanazuoni wa Kiswahili, ambao kazi yao tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 imekuwa ni kuweka kanuni mahali ambapo wote wanaweza kuzifikia, wasiliache jambo hili mikononi mwa soko. Kamusi na sarufi zilisanifiwa ili mwandishi yeyote aandike na kuuza kitabu chake. Sarufi ya mashine inastahili kusanifiwa kwa shabaha hiyo hiyo, na iwekwe wazi kabla mtu mmoja hajaitia katika sanduku lake na kuiandikia bei.