Nafasi Iliyoachwa Ndani ya Mashine

Ufundi wa kuboresha kompyuta kuukuu bado haujaandikiwa sifa unazostahili, ingawa ndio uliowafikishia kompyuta watu wengi ambao wasingemudu kununua mpya. Kuboresha ni tofauti na kutengeneza. Fundi anayetengeneza huletewa kitu kilichoharibika, naye huanzia palipoharibika. Fundi anayeboresha huletewa mashine nzima, inayowaka na kufanya kazi, ila imezidiwa na kazi inayopewa, na kwa hiyo jambo la kwanza analopaswa kulijua ni mahali hasa inapozidiwa. Akikosea hapo, fedha ya mteja hupotea na mashine hubaki vilevile, hata kama mikono yake imefanya kila kitu kwa usahihi. Kwa sababu hiyo fani hii inafaa kuhesabiwa miongoni mwa fani za uamuzi kabla ya kuhesabiwa miongoni mwa kazi za bisibisi.

Gwata ni jina la mahali linalotajwa Kibaha na Kisarawe, wilaya mbili zinazopakana katika Mkoa wa Pwani, na maisha ya pande hizo yanaonyesha vizuri kwa nini kompyuta ya zamani haitupwi. Katika vijiji vya aina hiyo kompyuta mpakato, yaani ile inayokunjwa na kubebeka pamoja na betri yake, hukaa kwa mwalimu anayeandaa mitihani, kwa mtendaji wa kijiji anayeandika muhtasari wa mkutano, na zaidi katika duka la steshenari, ambako mhitimu wa kidato cha sita huenda kujaza maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na mtafuta kazi huenda kuwasilisha vyeti vyake kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Nyingi ya mashine hizo zilianza kazi katika ofisi za Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, ambako makampuni hubadilisha kompyuta kila baada ya miaka michache, zikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Dubai na Kariakoo kabla ya kupakiwa kwenye basi la Mlandizi, wilayani Kibaha. Ndiyo sababu majina yanayojirudia mezani kwa mafundi ni Latitude ya Dell, EliteBook ya HP na ThinkPad ya Lenovo: mashine za ofisini, zilizoundwa ili zifunguke haraka pindi kifaa kimoja kinapohitaji kubadilishwa. Fundi cherehani anayemshonea mtoto sare huacha akiba ya kitambaa ndani ya pindo, na waliounda mashine hizi waliacha akiba ya namna hiyo, ambayo mnunuzi wa kwanza mara nyingi hakuigusa.

Si muda mrefu sana tangu kompyuta ya kijijini ilipokuwa haiwaziki nchini. Kompyuta inayohesabiwa kuwa ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, marufuku ambayo ililegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Kwa kizazi kile kompyuta ilikuwa mali ya chumba cha serikali, ikihudumiwa na wataalamu wachache. Kijana anayeilaza mashine kifudifudi juu ya kitambaa na kuifungua mbele ya mwenyewe amevuka umbali mkubwa, na heshima yake ianzie hapo.

Uamuzi wenyewe huanza kwa kuitazama mashine ikiwa kazini. Ikiwa inachukua dakika kadhaa kuwaka, na taa ya diski haizimiki, basi kinachozidiwa ni diski kuu, yaani ghala la kudumu la mafaili. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kijimkono kinachohamahama juu yake kutafuta data, ilhali diski ya SSD huhifadhi data ndani ya chipu na haina kinachozunguka. Ikiwa mashine inawaka vizuri lakini inaganda kurasa za intaneti zinapofunguliwa nyingi kwa pamoja, kilichopungua ni ramu, kumbukumbu ya muda ambayo hushikilia kile kinachofanyiwa kazi wakati huo. Kwa steshenari na kwa mwalimu, mambo hayo mawili pamoja na kusafisha feni humaliza shida karibu yote, na fundi mwaminifu husema hivyo hata pale ambapo mteja amekuja akiwa ameshaamua kununua prosesa. Mwaminifu huyo hukosa faida ya siku hiyo. Hata hivyo neno lake ndilo linalotofautisha fundi na muuza vifaa.

Prosesa, chipu inayofanya mahesabu yote ya kompyuta, huja mwisho kwa sababu ndiyo yenye masharti mengi, na pia kwa sababu faida yake huonekana kwa kazi chache: kuunganisha video za harusi, kutengeneza muziki, kuchora ramani za nyumba. Mfano wa karibu ni Latitude E6430, iliyotoka mwaka 2012, ambayo mara nyingi hufika na prosesa ya Core i5-3320M yenye koa mbili, koa ikiwa ni sehemu ya prosesa inayoweza kushika kazi yake peke yake. Mashine hiyohiyo hukubali Core i7-3632QM yenye koa nne, na zote mbili zimepangiwa wati 35, kipimo cha joto ambalo mfumo wa kupooza unatakiwa kuliondoa. Mhariri wa video za harusi hupata karibu mara mbili ya nguvu bila chaja kubadilika na bila feni kulemewa. Zipo i7 za wati 45 zinazovutia zaidi kwenye karatasi, lakini ndani ya mashine ambayo bomba lake la kupooza liliundwa kwa wati 35, prosesa inayokaribia digrii 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mteja huwa amelipia kasi asiyoipata.

Masharti mengine yako kwenye soketi, kitako chenye matundu ambamo pini za prosesa huingia. Prosesa hizo mbili za wati 35 zina pini 988, na za kizazi cha mwaka 2010 nazo zina pini 988, lakini soketi zao hazifanani na chipu ya moja haifanyi kazi katika nyingine. Anayehesabu pini bila kusoma namba ya soketi atanunua kitu kisichomfaa. Mtego wa pili ni mkubwa zaidi: i7-3632QM ilitengenezwa pia kwa umbo lisilo na pini, la kuunganishwa kwa risasi moja kwa moja kwenye ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita madabodi, na jina lake ni lilelile. Mnunuzi anayeagiza kwa jina tu, bila kutazama picha ya mgongo wa chipu, anabahatisha. Baada ya hapo kuna bayosi, programu ndogo inayokaa kwenye ubao mkuu na kuamka kabla ya Windows ili kuzitambua sehemu zote. Bayosi ya zamani inaweza isiijue prosesa mpya, kwa hiyo husasishwa mapema, chipu ya zamani ikiwa bado mahali pake, betri ikiwa na chaji na chaja ikiwa imechomekwa, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao unaweza kufa.

Kazi ya mkono yenyewe ni fupi na inapendeza kuitazama. Betri hutolewa kwanza, kisha kifuniko cha chini, na hapo huonekana bomba la shaba linalobeba joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye mapezi membamba yaliyo mbele ya feni. Vumbi la barabara za udongo, likichanganyika na nyuzi za nguo na unyevu wa Pwani, huwa limejishika kati ya feni na mapezi kama kipande cha blanketi, na wakati mwingine kukitoa hicho tu hushusha joto kuliko jambo jingine lolote. Skrubu za bomba hulegezwa kwa zamu, kidogo kidogo, ili uzito usiegemee upande mmoja. Pembeni mwa soketi kuna skrubu ya plastiki inayozungushwa nusu mzunguko. Ikizungushwa soketi huziachia pini zote kwa pamoja, na prosesa hunyanyuka bila kuvutwa. Mpya hushushwa ikifuata pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona yake, na ikikaa sawasawa hudondoka mahali pake yenyewe. Ikihitaji kusukumwa, basi imegeuzwa, na kidole kinachosukuma ndicho kinachopinda pini. Pesti ya zamani ya kupitisha joto hufutwa kwa spiriti, na mpya, kiasi cha punje ya mchele, huwekwa katikati ili kuziba mianya midogo ya hewa kati ya chipu na shaba.

Mashine iliyoboreshwa hivyo hukutana na mpaka mwingine ambao bisibisi haiufikii. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za umri huu. Jibu linalofaa ni Linux, mfumo endeshi wa bure, na katika programu za bure Watanzania wana urithi wao, kwani mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Inasikitisha kwamba kazi ile haikuenezwa hadi steshenari za vijijini.

Kinachosikitisha zaidi ni kufungwa kwa mlango wenyewe wa kubadilisha prosesa. Kizazi cha nne cha Core, cha mwaka 2013, ndicho cha mwisho ambacho Intel ilikipa prosesa za kompyuta mpakato zenye pini. Tangu hapo chipu huunganishwa kwa risasi, na katika mashine nyembamba hata ramu huunganishwa hivyo. Framework, kampuni ya Marekani iliyoanza kuuza kompyuta zake mwaka 2021, imeonyesha kwamba ubao mzima unaweza kubadilishwa na mwenye mashine, lakini bei yake iko mbali na uwezo wa vijijini.

Kwa sasa mashine zenye soketi bado zipo, na sehemu zinazotolewa huendelea kutumika. Diski yenye sahani huwekewa kasha na kuwa ghala la video. Prosesa ya i5 iliyoondolewa huwa nzima kabisa, hivyo hulazwa juu ya sponji nyeusi isiyoleta umeme tuli na kuuzwa kwa mwenye Latitude iliyokuja na i3. Ile i3 nayo haikosi kazi, kwani fundi hubaki nayo kwa ajili ya kupimia mbao kuu anazoletewa bila kujulikana kama ni nzima.